Walimu wa Kiingereza Japani na Mkataba wa Mwaka Mmoja

Walimu wa Kiingereza kutoka nje wanapokutana Japani kwa mara ya kwanza, iwe kwenye semina ya mkoa au kwenye foleni ya uhamiaji, swali moja huja mapema: umeajiriwa na nani? Jibu lake humfunulia muulizaji karibu maisha yote ya mwenzake. Atajua kama analipwa mwezi wa Agosti shule zikifungwa, kama amewekewa bima ya afya na pensheni na mwajiri, kama nyumba alitafutiwa na halmashauri au aliihangaikia kwa dalali, kama mwalimu wa darasa anaruhusiwa kisheria kumpa maelekezo, na kama ana hakika ya kuwapo nchini Aprili ijayo.

Masimulizi mengi kuhusu walimu hawa hujaa utamaduni: kuinama, kuvua viatu mlangoni, ukimya ndani ya treni. Hayo yapo na yana uzito wake. Lakini ukiyafuatilia maisha yao kwa makini utaona kwamba kinachoyaunda zaidi ni karatasi walizotia saini, na karatasi hizo ziliandikwa tangu mwanzo kwa ajili ya mtu wa kupita. Nalisema hili mapema kwa sababu wahitimu wa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam nao wameanza kuulizia kazi hizi, na wengi huuliza kuhusu baridi na chakula kabla ya kuuliza kuhusu mkataba.

Mpaka kati ya kukaribishwa kwa muda na kukubaliwa kabisa ni wa zamani. Mwaka 1848 Ranald MacDonald, kijana aliyezaliwa Oregon na mama wa kabila la Wachinook, alijitosa baharini kwa mashua ndogo na kutua kisiwa cha Rishiri kaskazini mwa Japani, wakati ambapo mgeni kuingia nchini bila ruhusa lilikuwa kosa kubwa. Alipelekwa Nagasaki akafungiwa chumbani, na humo akawafundisha Kiingereza wakalimani 14 wa serikali. Mmoja wao, Moriyama Einosuke, miaka michache baadaye alikuwa mkalimani katika mazungumzo na Wamarekani waliokuja na manowari za kamanda wao, Perry. Mwalimu mwenyewe alikwishaondolewa nchini mwaka 1849. Baada ya Mageuzi ya Meiji ya 1868 serikali iliajiri wataalamu wengi wa kigeni kwa mishahara minono, na mikataba yao ilikuwa na kikomo: Wajapani wakishaielewa kazi, mgeni alirudi kwao. Lafcadio Hearn, mwandishi aliyezaliwa Ugiriki, aliajiriwa mwaka 1890 katika shule ya Matsue kwa yen 100 kwa mwezi, kiasi kikubwa kwa wakati ule. Alioa huko, akachukua uraia mwaka 1896 kwa jina la Koizumi Yakumo, na vitabu vyake vinasomwa na Wajapani hadi leo. Hayo yote hayakumlinda kazini. Chuo Kikuu cha Tokyo kilimwacha mwaka 1903, na mmoja wa waliochukua nafasi yake ni Mjapani Natsume Soseki, aliyekuwa ametoka tu masomoni Uingereza.

Mfumo wa leo ulizaliwa mwaka 1987 kwa jina la JET, mpango wa serikali wa kuleta vijana wa kigeni. Ilikuwa miaka ya mvutano mkali wa biashara kati ya Japani na Marekani, Nakasone Yasuhiro akiwa waziri mkuu, na serikali ilitaka kuonyesha kwamba nchi inajifungua. Waliingia vijana 848 kutoka nchi 4: Marekani, Uingereza, Australia na New Zealand. Leo mpango huo una washiriki zaidi ya 5,000 kwa wakati mmoja, kutoka nchi 50 hivi, na zaidi ya nusu ni Wamarekani. Tisa katika kila kumi ni walimu wasaidizi wa lugha, wanaojulikana nchini kote kwa herufi ALT. Sharti kubwa la elimu ni shahada ya fani yoyote. Cheti cha ualimu hakihitajiki, na hilo lilipangwa hivyo kwa makusudi, kwa sababu kufundisha kulikuwa nusu tu ya kazi. Nusu nyingine ilikuwa kuwapo: mtoto wa mji mdogo wa wavuvi amwone mgeni, amsalimie, amzoee. Mkataba ni wa mwaka mmoja, unaweza kurudiwa, na haupiti miaka 5.

Kwa mantiki ya kuwapo, mpango ulifaulu kwa kiwango ambacho wakosoaji wake hawapendi kukikiri. Kuna vizazi vya Wajapani waliokuwa na mgeni darasani kwao, na kuna makumi ya maelfu ya waliorudi makwao wakiipenda Japani, wengine wakawa wanadiplomasia, wanazuoni na wafasiri. Mapenzi hayo yalijulikana kwa uchungu tarehe 11 Machi 2011, siku ya tetemeko kubwa la ardhi na tsunami. Taylor Anderson, Mmarekani aliyekuwa akifundisha Ishinomaki, alihakikisha wanafunzi wamewafikia wazazi wao baada ya tetemeko, akaondoka kwa baiskeli kurudi nyumbani, tsunami ikamchukua. Monty Dickson wa Alaska alifia Rikuzentakata siku hiyohiyo. Familia ya Anderson iliendelea kupeleka vitabu vya kusoma katika shule za Ishinomaki, na maktaba hizo ndogo zimebaki na jina lake.

Nje ya JET kuna mlango wa pili, mpana zaidi na wenye giza zaidi. Walimu wasaidizi walio wengi katika shule za serikali hawaletwi na JET. Baadhi huajiriwa moja kwa moja na bodi ya elimu ya mji, na wengine wengi huletwa na kampuni za wakala zinazoshindania zabuni. Bodi hutangaza kwamba inahitaji walimu kadhaa kwa mwaka wa fedha unaoanza Aprili, kampuni zinaweka bei, na mara nyingi ya chini hushinda. Pengo kati ya bei ile na gharama za kampuni hujazwa na mshahara wa mwalimu. Kwa miaka mingi mikataba ya aina hii iliandikwa saa 29.5 kwa wiki. Nusu saa ile iliyopunguzwa ilikuwa na thamani kubwa, kwa sababu utaratibu wa bima ya jamii ulimbana mwajiri kumwandikisha mfanyakazi aliyefikisha robo tatu ya saa za kazi ya kudumu, yaani kama saa 30. Mwalimu alishinda shuleni kutwa nzima, lakini kwenye karatasi muda wake wa chakula na mapumziko ulihesabiwa si kazi. Sheria imebadilika hatua kwa hatua: tangu Oktoba 2016 kiwango kilishushwa hadi saa 20 kwa waajiri wakubwa, kikawafikia wenye wafanyakazi zaidi ya 100 mwaka 2022, na zaidi ya 50 mwaka 2024. Walimu wengi wa wakala leo wana bima. Hata hivyo katika kampuni nyingi mshahara wa Agosti, wa Desemba na wa mwisho wa Machi bado hukatwa kwa sababu siku za masomo ni chache.

Aina moja ya mikataba hii inaingia mpaka ndani ya darasa. Pale ambapo mji umeinunua huduma nzima kutoka kwa kampuni, badala ya kukodi mfanyakazi, sheria ya kazi haimruhusu mwalimu Mjapani kumwelekeza mgeni moja kwa moja. Maelekezo yanatakiwa yapitie kampuni. Fikiria walimu wawili mbele ya wanafunzi 35, mmoja ana wazo zuri la dakika hii, na kisheria hapaswi kumwambia mwenzake alifanye. Wengi hupuuza sheria hiyo kwa ajili ya watoto, na wanafanya vyema, lakini wakaguzi wa kazi wamewahi kuyaita mazoea hayo ukiukaji.

Mlango wa tatu ni vituo vya mazungumzo, vinavyoitwa eikaiwa, vilivyoko karibu na vituo vya treni na ndani ya maduka makubwa. Huko wanafunzi ni wafanyakazi wa ofisini, akina mama, wastaafu, na watoto wa miaka 3. Kazi huanza mchana na kuisha saa 3 usiku, na Jumamosi ndiyo siku ya kuelemewa. Kituo ni biashara, na mwalimu anahesabiwa kwa wanafunzi waliobaki, hivyo uchangamfu ni sehemu ya kazi hata siku ya homa. Kampuni kubwa kuliko zote, NOVA, ilikuwa na walimu wa kigeni wanaokaribia 4,000 na wanafunzi wa kulipia kabla kwa mamia ya maelfu. Aprili 2007 Mahakama ya Juu iliikuta na kosa katika marejesho ya fedha za mwanafunzi, Juni serikali ikazuia sehemu ya biashara yake, na Oktoba ikafilisika. Mishahara ilikuwa imekwishaanza kuchelewa. Walimu walioishi katika nyumba zilizokodiwa na kampuni waligundua kwamba kodi ya pango, iliyokatwa kila mwezi kwenye mishahara yao, haikuwa ikimfikia mwenye nyumba. Chama cha wafanyakazi kiliandaa utaratibu wa wanafunzi kuwapa chakula walimu wao wa zamani kwa somo. Miaka 3 baadaye kampuni nyingine kubwa, GEOS, nayo ilianguka. Tangu hapo kila mwalimu mwenye uzoefu humwambia mgeni maneno yaleyale: usikubali mwajiri awe pia mwenye nyumba wako, labda kama huna njia nyingine.

Sasa tuingie shuleni, maana hapo ndipo siku za wengi zinapopita. Mwalimu hufika kabla ya saa 2 na robo asubuhi, huacha viatu vya nje kwenye kabati la mlangoni na kuvaa vya ndani. Ofisi ya walimu ni ukumbi mmoja wenye meza zilizounganishwa kwa vidato, mwalimu mkuu msaidizi akikaa mbele na kuona wote. Kikao kifupi cha asubuhi kinaendeshwa haraka kwa Kijapani, na mgeni wa mwaka wa kwanza huambulia tarehe na jina la mwanafunzi mgonjwa. Kisha vipindi: dakika 45 shule ya msingi, dakika 50 sekondari ya chini. Siku moja anaweza kuwa na vipindi 5, siku nyingine kimoja. Anayezunguka shule kadhaa anaweza kuwaona watoto wa shule ya mbali mara chache tu kwa muhula, akajitambulisha upya kila mara.

Darasani, kazi yake inategemea mtu mmoja, mwalimu Mjapani aliyepangiwa naye. Huyu akiwa mtu wa kushirikiana, wawili hao huketi pamoja, wanaigiza mazungumzo, wanagawana vikundi, na mgeni anarekebisha maandishi ya watoto. Akiwa amechoka au haamini uwezo wa mgeni, mgeni husimama kando ya ubao na kuitwa kusoma aya ya kitabu, watoto wakirudia kwa pamoja. Wenyewe hujiita kinasa sauti cha binadamu, na kila anayelitamka jina hilo huonyesha kuumia. Katika shule za msingi hali ni kinyume. Tangu Aprili 2020 Kiingereza ni somo kamili lenye alama kwa darasa la 5 na la 6, vipindi 70 kwa mwaka, na darasa la 3 na la 4 wana vipindi 35. Anayefundisha mara nyingi ni mwalimu wa darasa asiyesomea lugha hiyo, naye humkabidhi mgeni kipindi chote. Kwa hiyo kijana mwenye shahada ya historia, ambaye kwenye karatasi ni msaidizi, anaendesha somo peke yake kwa mshahara wa msaidizi, na wakati wa kutoa alama jina lake halipo.

Saa za mchana ndizo nzuri kuliko zote. Chakula cha shule huliwa darasani. Watoto wenyewe, wakiwa na aproni na kofia nyeupe, wanagawa wali, mchuzi, samaki na pakiti ya maziwa, na hakuna anayeanza kabla wote hawajapata. Mgeni aliyeketi nao kwenye kiti kifupi anajifunza Kijapani zaidi kwa dakika zile kuliko katika darasa la jioni. Baada ya hapo watoto hufagia na kupangusa shule nzima, naye hushika kitambaa pamoja nao. Wanaosema wameipenda kazi hii wakiulizwa ni nini hasa walichokipenda, wengi hutaja mambo haya, pamoja na siku ya michezo, mashindano ya hotuba za Kiingereza yanayofanywa vuli, na mahafali ya Machi kwenye ukumbi wenye baridi ambapo wazazi na walimu hulia waziwazi. Nawaamini.

Ikifika saa 10 na robo alasiri mkataba wa mgeni umekwisha kwa siku hiyo. Anasimama, anasema maneno ya kuaga ambayo adabu inataka, yanayoomba radhi kwa kutangulia kuondoka, na anaiacha ofisi nzima ikiwa imeinamia meza. Utafiti wa OECD wa mwaka 2018 uliwakuta walimu wa sekondari ya chini Japani wakifanya kazi saa 56 kwa wiki, nyingi kuliko nchi zote zilizopimwa, wakati wastani ulikuwa saa 38. Wanasimamia vilabu vya michezo hadi jioni na wikendi, wanapiga simu kwa wazazi, wanajaza fomu. Hapa ndipo ukuta kati yao na mgeni unapojengwa, na kwa maoni yangu lugha ina sehemu ndogo zaidi katika ukuta huo kuliko inavyodhaniwa. Mtu anayeondoka mapema kila siku, asiyeitwa kwenye vikao vya mitihani, asiyekuwa na mwanafunzi wa kumlea, hawezi kuwa mwenzao hata akijua Kijapani cha kutosha. Wahenga walitaka mgeni apewe jembe siku ya tatu. Huyu amekaa hadi miaka 5 na jembe halijatolewa ghalani.

Je, watoto wanajifunza kuzungumza? Kila mwaka magazeti ya Japani hulalamikia orodha ya ustadi wa Kiingereza ya kampuni ya EF, ambayo mwaka 2024 iliiweka nchi hiyo nafasi ya 92 kati ya 116. Orodha hiyo hupima waliojitolea kufanya jaribio, kwa hiyo siipi uzito mkubwa. Takwimu za wizara ya elimu zinaaminika zaidi: katika mwaka wa masomo wa 2023, nusu ya wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari ya chini walifikia kiwango cha chini kabisa cha vipimo vya Ulaya, A1, ambacho ndicho wizara ilikuwa imekilenga. Ni maendeleo, na ni polepole. Sababu ya upolepole si siri kwa yeyote aliyesoma chini ya kivuli cha mtihani wa taifa, na sisi wa Afrika Mashariki tunakijua kivuli hicho vizuri. Mtihani wa kuingia chuo kikuu hupima kusoma na kusikiliza. Mpango wa kuongeza majaribio ya kuzungumza kupitia kampuni binafsi uliahirishwa Novemba 2019, baada ya kilio kwamba watoto wa vijijini na wa maskini wangeumia. Jiji la Tokyo lilianzisha jaribio la kuzungumza kwa wanaoingia sekondari ya juu mwaka 2022, likazua ubishi wake. Mwalimu Mjapani mwenye wanafunzi 40 na mtihani mlangoni hutumia dakika zake kwenye sarufi na tafsiri, na hakosei kwa upande wake. Mgeni aliyeletwa kwa ajili ya mazungumzo anakuwa na kipindi ambacho hakina alama, na mtoto wa miaka 14 anajua haraka mno kipi kina alama na kipi hakina.

Nyumbani, tofauti za mikataba zinaonekana tena. Aliyepangiwa mji mdogo na JET mara nyingi hupewa nyumba ya walimu kwa kodi ndogo, na mfanyakazi wa bodi ya elimu humsindikiza benki, kununua simu na kuchonga muhuri wa jina. Aliyekuja kwa njia nyingine anatafuta mwenyewe, na gharama za kuingia nyumba, pamoja na dhamana, zawadi isiyorudishwa kwa mwenye nyumba, ada ya dalali na ya kampuni ya udhamini, zinaweza kufika kodi ya miezi 4 au 5. Tena si kila mlango unafunguka: utafiti wa Wizara ya Sheria uliotolewa mwaka 2017 ulionyesha kwamba karibu asilimia 40 ya wageni waliotafuta nyumba walikataliwa kwa sababu ya ugeni wao. Akishaingia, kuna ratiba ya taka, inayotenganisha za kuchoma, chupa, makopo na plastiki, kila aina na siku yake, na mfuko uliokosewa hubaki barabarani na kibandiko. Nyumba za mikoani hazina joto la pamoja, hivyo majira ya baridi ni ya jiko la mafuta ya taa na meza fupi yenye blanketi. Kijijini gari ni lazima. Leseni ya kimataifa hutumika mwaka mmoja. Mwingereza na Mwaustralia hubadilishiwa bila kujaribiwa barabarani, ilhali Mwafrika Kusini na Wamarekani wa majimbo mengi hulazimika kufanya mtihani ambao wengi hufeli mara ya kwanza.

Upweke wa mji mdogo ni mzito, na haufanani na upweke wa kukosa watu. Mgeni anajulikana na kila mtu. Anayemuuzia mboga anajua alikuwa wapi Jumapili, na mwanafunzi atatangaza darasani kilichokuwa kwenye kikapu chake cha dukani. Anakosa mtu mmoja wa kumweleza jambo gumu kwa lugha ya moyo wake. Waliokuwa wakijiandaa kuja mwaka 2020 walizuiwa na janga la korona, na waliokuwapo tayari waliongezewa muda, wakakaa vyumbani mwao pasipo kujua lini wataona familia.

Mshahara ni hadithi ya miaka 30 ya kusimama. Tangazo la kituo cha mazungumzo la miaka ya 1990 lilitaja yen 250,000 kwa mwezi, na matangazo ya leo yanataja hiyohiyo au pungufu. Mwaka 2011, dola moja ikiwa yen 80 hivi, fedha hiyo ilikuwa dola 3,100. Julai 2024, yen iliposhuka hadi kupita 160 kwa dola, ilikuwa dola 1,560. Aliye na mkopo wa chuo Marekani, au anayetuma fedha kwa mama yake Manila au Kingston, aliona nusu ya jasho lake ikiyeyuka bila ya yeye kupunguza saa hata moja. JET iliongeza mishahara Aprili 2025, mwaka wa kwanza ukatoka yen milioni 3.36 hadi milioni 4.02 kwa mwaka. Kampuni za wakala hazina anayezilazimisha kufanya vivyo hivyo.

Kisha kuna suala la nani anahesabiwa kuwa mwenye lugha. Maombi ya kazi Japani huambatanishwa na picha, na walimu weusi, na Waasia wazaliwa wa Uingereza au Marekani, wamesimulia kwa miaka mingi jinsi vituo vya biashara vinavyopendelea sura fulani kwenye kipeperushi. Shule za serikali zimebadilika upesi zaidi: kuna walimu kutoka Jamaika, Trinidad, Ufilipino na Afrika Kusini, na wanafunzi wao hukua wakijua kwamba Kiingereza kina wenyewe wengi. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki jambo la kuangalia ni kanuni ya uhamiaji. Anayeomba hadhi ya ukaazi ya kufundisha lugha ya kigeni shuleni, pamoja na shahada, anatakiwa awe amesoma kwa lugha hiyo miaka 12 au zaidi. Mkenya wa mfumo wa 8-4-4, aliyeanza kufundishwa kwa Kiingereza darasa la 4, anaivuka hesabu hiyo. Mtanzania aliyesoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili ana miaka 6 ya sekondari na 3 au 4 ya chuo, naye anabaki nyuma ya mstari hata kama Kiingereza chake ni bora kuliko cha kijana wa Ohio. Sioni haki katika kipimo hicho, kwa sababu kinahesabu miaka na hakimsikilizi mtu.

Walio wengi huondoka baada ya mwaka mmoja hadi mitatu. Wanaobaki huwa wameoa au kuolewa, au wameifahamu lugha, na kwao swali linakuwa la uzee: pensheni, nyumba, elimu ya watoto. Sheria iliyoanza Aprili 2013 inampa mfanyakazi haki ya kudai mkataba usio na kikomo akirudiwa zaidi ya miaka 5 na mwajiri yuleyule, na waajiri kadhaa waliitikia kwa kuweka ukomo wa miaka 5 ndani ya mikataba mipya. Walioajiriwa moja kwa moja na miji hawaifikii haki hiyo kabisa, maana ni watumishi wa umma, na tangu Aprili 2020 wengi wao wamewekwa katika kundi la watumishi wa mwaka wa fedha, ambalo jina lake linajieleza. Wengine hufungua vituo vyao vidogo sebuleni, wakawafundisha watoto wa jirani, na katika maandishi ya walimu niliyoyasoma, ya hawa ndiyo yenye utulivu kuliko yote.

Ipo njia ya kuwa mwalimu kamili. Mkoa unaweza kumpa mgeni mwenye ujuzi leseni maalumu ya ualimu, akafundisha peke yake, akatoa alama, akalea darasa. Serikali imekuwa ikihimiza mikoa itoe leseni hizo zaidi, kwa sababu walimu Wajapani wenyewe wanapungua. Lakini waraka wa wizara wa mwaka 1991, ulioandikwa hasa kwa ajili ya Wakorea waliozaliwa Japani, uliamua kwamba raia wa kigeni aliyefaulu mtihani wa kuajiriwa aandikwe kuwa mhadhiri wa kudumu, asiwe mwalimu wa cheo kamili, na waraka huo bado unafuatwa karibu nchi nzima. Tokyo ni miongoni mwa sehemu chache zinazompa mgeni cheo sawa na mwenyeji. Kwingineko anaweza kuitumikia shule moja miaka 30, akawafundisha wazazi na kisha watoto wao, na asiweze kupandishwa kuwa mwalimu mkuu wala msaidizi wake.